Dalali Asiyetoza Ada Anakula Wapi: Mkakati na Mitambo ya Udalali wa Hisa Mtandaoni

Mwaka 1997 mteja wa e.Schwab, huduma ya mtandaoni ya kampuni ya udalali wa hisa ya Charles Schwab iliyokuwa na makao yake San Francisco, alilipa dola 29.95 kwa oda moja ya kununua au kuuza hisa, na kwa bei hiyo aliruhusiwa kumpigia simu mhudumu mara moja tu kwa mwezi. Akiwa na swali la pili, aliandika barua pepe. Jirani yake mwenye akaunti ya kawaida katika kampuni hiyohiyo angeweza kutuma oda ileile kwa kompyuta ya nyumbani kwake, ikapita katika mitambo ileile, lakini angetozwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Faida yake ilikuwa kwamba angepiga simu hata mara kumi kwa siku, na akiingia tawini angehudumiwa bila kuulizwa ni mteja wa aina gani.

Sharti hilo la simu moja halikuletwa na upungufu wa nyaya wala wahudumu. Lilikuwa uamuzi wa kibiashara, nalo linatoa picha nzuri ya jinsi mkakati na teknolojia ya habari vinavyoshikana katika biashara hii. Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba kompyuta zilishusha gharama, gharama zikashusha ada, na ada hatimaye zikafika sifuri. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Ada zilishuka kila mara dalali alipopata mahali pengine pa kujipatia kipato, na kila mahali papya palihitaji mtambo wa namna yake, wenye nguvu zake na hatari zake. Anayetaka kujua mkakati halisi wa dalali wa mtandaoni asiishie kwenye orodha ya bei. Na atazame pia mitambo ambayo mteja haioni.

Kwanza ieleweke dalali wa hisa hufanya nini. Wengi waliopanga foleni Nairobi mwaka 2008 kuomba hisa za Safaricom walimwona dalali kama mtu wa kupokea fomu na hundi, ilhali kupokea oda ni sehemu ndogo ya kazi yake. Akishaipokea, huamua aipeleke wapi ikakutane na muuzaji. Baada ya bei kukubaliwa, huhakikisha hisa na fedha zinabadilishana mikono siku iliyopangwa. Kisha huzitunza hisa hizo kwa niaba ya mteja, akipokea gawio na kutunza hesabu zake kwa miaka. Mteja huona ile hatua ya kwanza peke yake, tena kwenye kioo cha simu. Hatua tatu zilizobaki ndizo zinazomeza mtaji, na ndizo zilizoamua nani aishi na nani afe katika biashara hii.

Hadi Aprili 1975 ada za udalali nchini Marekani zilikuwa zimepangwa, na madalali hawakushindana kwa bei. Tarehe 1 Mei mwaka huo mpango huo ulifutwa kwa amri ya Tume ya Dhamana na Masoko ya nchi hiyo, SEC. Nyumba kubwa za New York ziliendelea kuuza ushauri na kuutoza vizuri, naye Charles Schwab, mwanzilishi wa kampuni yenye jina lake, akachagua kuuza utekelezaji wa oda peke yake, bila ushauri, kwa bei ya chini. Mkakati huo una tatizo la hesabu: anayetoza kidogo kwa kila oda lazima apokee oda nyingi, na oda nyingi zinazoandikwa kwa mkono na kukamilishwa kwa makaratasi huzaa makosa yanayokula faida yote. Ndiyo maana mwaka 1979 kampuni hiyo, ikiwa bado changa, ilitumia takriban dola 500,000 kununua mfumo wa kompyuta ulioitwa BETA, wa kusimamia oda, malipo na hesabu za wateja. Kwa kampuni ya ukubwa wake hiyo ilikuwa kamari. Ilibadilisha kazi nzima, kwa kuwa mhudumu sasa aliweza kuingiza oda moja kwa moja na kumthibitishia mteja bei akiwa bado kwenye simu.

Baada ya hapo intaneti ilikuwa hatua ndefu kidogo tu kwenye njia iliyokwisha kuchongwa. Mwaka 1985 Schwab iliwauzia wateja programu ya kompyuta iliyoitwa The Equalizer, mwaka 1989 ikawapa mfumo wa kuweka oda kwa kubonyeza tarakimu za simu, na mwaka 1996 ikafungua mlango wa tovuti. Jambo la kuzingatia ni kwamba milango yote hiyo ilielekea ghala moja la nyuma. Wapinzani waliozaliwa mtandaoni, kama E*Trade, hawakuwa na matawi wala urithi wa ada kubwa wa kuulinda, kwa hiyo walishusha bei bila kujiumiza. Schwab ilikuwa na mteja wa zamani anayelipa vizuri, na ikaogopa kumwonyesha kwamba huduma ileile inapatikana kwa nusu ya bei. Ikajenga ukuta kati ya wateja wake wawili. Ukuta huo ndio ule wa simu moja kwa mwezi.

Ukuta wa namna hiyo una gharama ambazo hazionekani kwenye vitabu vya hesabu. Wahudumu wa matawini walilazimika kuwaeleza watu wenye fedha zao ndani ya kampuni kwamba hawawezi kuwasaidia. Wateja wengine walifungua akaunti mbili, moja ya kufanyia biashara kwa bei rahisi na nyingine ya kupata mtu wa kuzungumza naye. Mnamo Januari 1998 kampuni, ikiongozwa na Charles Schwab pamoja na David Pottruck, ikaubomoa: wateja wote wapate bei ya dola 29.95 mtandaoni kwa oda ya hadi hisa 1,000, na wote waruhusiwe simu na matawi. Makadirio ya ndani yalionyesha kwamba mapato yangepungua kwa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka, na bei ya hisa za kampuni yenyewe ikashuka kwanza kama ilivyotarajiwa. Kabla mwaka haujaisha, akaunti mpya na wingi wa oda vilikuwa vimefukia shimo hilo, na mwishoni mwa Desemba 1998 thamani ya Schwab sokoni ikaipita ile ya Merrill Lynch, mojawapo ya zile nyumba kubwa za New York. Miezi michache baadaye, Juni 1999, Merrill nayo ikatangaza biashara ya mtandaoni kwa bei ileile ya dola 29.95.

Hadithi hiyo hufundishwa sana katika vyuo vya biashara kama mfano wa ujasiri. Naamini ujasiri ulikuwapo, lakini husahauliwa kwamba kampuni ilikuwa na mto wa kuangukia. Tangu mwaka 1992 ilikuwa ikiendesha OneSource, aina ya duka kuu la mifuko ya uwekezaji ambamo mteja hakutozwa ada ya kununua na wenye mifuko ndio walioilipa Schwab kwa kuwekwa rafuni. Tena ilikuwa na fedha taslimu za wateja zilizolala katika akaunti zikisubiri kununua kitu, na fedha zilizolala zinaweza kuwekezwa kwa riba. Mwaka 2003 ikafungua benki yake yenyewe, na baada ya hapo mtambo wa kuhamisha fedha hizo kila usiku kutoka akaunti ya hisa kwenda benki ukawa, kwa mapato, muhimu kuliko mtambo wa oda. Kufikia 2019 zaidi ya nusu ya mapato yake yalitokana na riba, na kamisheni za oda zilikuwa sehemu ndogo sana.

Kampuni ya Robinhood, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Vlad Tenev na Baiju Bhatt, ilichukua mahali tofauti pa kula. Ilianza kwa ada ya sifuri, kwenye simu ya mkononi, bila tawi hata moja, na sehemu kubwa ya mapato yake ilitoka kwa wanaonunua oda zenyewe. Utaratibu huu unahitaji kuelezwa polepole, kwa kuwa ndipo wengi wanapopotea.

Hisa sokoni huwa na bei mbili kwa wakati mmoja. Tuseme wanaotaka kununua wako tayari kutoa dola 10.00, na wanaouza wanataka dola 10.04. Dalali ana oda ya mteja mdogo anayetaka kununua mara moja. Badala ya kuipeleka kwenye soko la wazi, huipeleka kwa mfanyabiashara wa jumla kama Citadel Securities au Virtu, ambaye humuuzia mteja huyo kwa dola 10.03, yaani afadhali kidogo kuliko bei iliyotangazwa, na muda mfupi baadaye hununua hisa hizohizo kwa mteja mwingine kwa dola 10.01. Senti mbili zinabaki mkononi mwake, naye humkatia dalali sehemu kama malipo ya kuletewa oda. Huzipenda oda za watu wadogo kwa sababu, tofauti na mifuko mikubwa, watu wadogo kwa kawaida hawajui jambo asilolijua yeye, na oda zao hazitamwangusha ghafla. Utaratibu huu ulienezwa zamani na Bernard Madoff, muda mrefu kabla wizi wake mwingine haujajulikana mwaka 2008. Jina baya, ingawa utaratibu wenyewe ni halali nchini Marekani, na Uingereza imeukataza.

Mteja, basi, alipata bei afadhali bila ada, na ni vigumu kuona hasara iko wapi mpaka mtu aulize oda ile ingepata bei gani kwingine. SEC iliuliza. Desemba 2020 Robinhood ilikubali kulipa dola milioni 65, bila kukiri wala kukana, baada ya tume hiyo kueleza kwamba kampuni haikuwaambia wateja wazi chanzo cha mapato yake, na kwamba wateja walipata bei duni kiasi cha kupoteza dola milioni 34.1 hata baada ya kuhesabu ada walizookoa. Kuna matokeo ya pili yanayohusu programu yenyewe: dalali anayelipwa kwa kila oda hutamani oda ziwe nyingi, na zaidi oda za opsheni, yaani mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa baadaye kwa bei iliyopangwa, ambazo humlipa vizuri kuliko hisa. Mwaka 2020 Robinhood ilipata mapato ya dola milioni 959, na takriban robo tatu ilitokana na oda, opsheni zikiongoza. Katika kampuni ya aina hii mahali pa kuwekwa kitufe, rangi yake na idadi ya hatua kabla ya kukibonyeza ni mambo ya mkakati kabla ya kuwa mambo ya usanifu.

Tarehe 1 Oktoba 2019 Schwab ilitangaza kwamba nayo inaondoa kamisheni za hisa mtandaoni. Siku hiyohiyo hisa za mpinzani wake TD Ameritrade, aliyetegemea kamisheni zaidi, ziliporomoka kwa zaidi ya robo ya thamani yake, na bado ilimlazimu afuate, kama E*Trade ilivyofuata. Kabla ya miezi miwili kupita, Schwab ilikuwa imetangaza kuinunua TD Ameritrade kwa takriban dola bilioni 26, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata benki ya uwekezaji ya Morgan Stanley ikatangaza kuinunua E*Trade kwa takriban bilioni 13. Sifuri, kwa mwenye riba ya kuishi nayo, ilikuwa silaha.

Kuhusu kukatika kwa mitambo kuna mengi yaliyosemwa, na nitayapita upesi. Februari 1999 mfumo wa E*Trade ulikwama siku tatu mfululizo. Tarehe 2 Machi 2020 wa Robinhood ulizimika karibu siku nzima, siku ambayo fahirisi ya Dow Jones ilipanda kwa pointi 1,294. Kampuni ilieleza kwamba msongamano ulianguka hadi kwenye mfumo wa majina ya intaneti, ule unaotafsiri jina kuwa anwani ya namba, na huo ulipolala sehemu nyingine zote zikashindwa kuitana. Mwaka uliofuata mamlaka ya kujisimamia ya madalali, FINRA, iliitoza Robinhood faini ya dola milioni 57 pamoja na fidia kwa wateja ya takriban milioni 12.6, kwa kukatika huko na kwa makosa mengine. Ikumbukwe kwamba duka la kawaida likifungwa siku ya sokoni, wateja hurudi kesho; mteja wa hisa akifungiwa mlango siku ya msukosuko, bei ya jana haitarudi kumngoja.

Tukio la 28 Januari 2021 lina uzito zaidi, kwa kuwa siku hiyo mitambo ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Hisa za GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya kompyuta, zilikuwa zimepanda kutoka chini ya dola 20 mwanzoni mwa mwezi hadi zaidi ya 340 jioni ya tarehe 27, na mamilioni ya wateja wa Robinhood walikuwa wakizinunua. Asubuhi ya tarehe 28 walikuta kitufe cha kununua kimeondolewa, kuuza kuliruhusiwa. Uvumi ulienea kwamba matajiri wa mifuko ya uwekezaji, waliokuwa wameweka dau kwamba bei itashuka na sasa wakipata hasara, wameagiza hivyo. Maelezo aliyoyatoa Tenev mbele ya Bunge la Marekani mwezi Februari hayakuwa ya kusisimua kiasi hicho, lakini yanafundisha.

Wakati huo mteja aliyenunua Jumatatu alikamilishiwa biashara yake Jumatano. Kwa siku hizo mbili kuna ahadi hewani: dalali ameahidi kuleta fedha, mwingine ameahidi kuleta hisa, na katikati yao amesimama NSCC, tawi la shirika la DTCC, akizidhamini pande zote mbili. Ili asibaki na hasara dalali mmoja akifilisika kabla ya Jumatano, NSCC humtaka kila dalali aweke dhamana, na kompyuta hukokotoa kiasi kila asubuhi kwa kutazama ukubwa wa manunuzi ambayo hayajakamilika, yameelemea hisa zipi na bei zake zinarukaruka kiasi gani. Wateja wengi wakinunua hisa moja inayoruka kama GameStop, vipimo vyote hupanda pamoja. Wakiuza, mzigo hupungua, na ndiyo maana kuuza hakukufungwa.

Robinhood ilikuwa imeweka dhamana ya dola milioni 696. Mnamo saa kumi na moja na dakika kumi na moja alfajiri, saa za New York, taarifa ya kompyuta iliieleza kwamba inapungukiwa na takriban dola bilioni 3. Kati ya hizo bilioni 2.2 zilikuwa tozo ya ziada inayotozwa dalali ambaye mzigo wake umeuzidi mtaji wake. Fedha za wateja haziruhusiwi kuguswa kwa kazi hiyo. Dalali hulipa kutoka mfukoni mwake. Kampuni ilijadiliana na NSCC, ikafunga ununuzi wa hisa zilizokuwa zinaruka, tozo ya ziada ikaondolewa, na kabla soko halijafunguliwa ikalipa takriban milioni 737. Siku chache zilizofuata ikachangisha dola bilioni 3.4 kwa wawekezaji wake.

Sasa turudi nyuma kwenye maamuzi mawili yaliyoifikisha pale. Hadi mwaka 2018 Robinhood ililipia kampuni nyingine, Apex, kazi ya kukamilisha miamala yake. Oktoba mwaka huo ikahamia mfumo wake yenyewe, ulioandikwa na wahandisi wake, ikaokoa malipo na kupata uhuru wa kubuni huduma. Uamuzi huo ulitangazwa kama ushindi wa teknolojia, na kwa kweli ulikuwa hivyo, lakini pamoja na programu kampuni ilijitwisha lile dai la alfajiri. Uamuzi wa pili ni kumruhusu mteja anunue papo hapo, hadi dola 1,000 kwa akaunti ya kawaida, kabla fedha zake hazijafika kutoka benki, safari ambayo Marekani huchukua siku kadhaa. Kwa mteja huo ni urahisi. Kwenye mizania ni mkopo, unaotolewa kwa mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, tena wanaponunua kitu kilekile. Wahandisi walipima kasi ya kufungua akaunti kwa sekunde, ilhali kasi ya mtaji ilibaki ya siku mbili.

Sehemu ya mwanya huo imezibwa. Tangu 28 Mei 2024 biashara za hisa Marekani hukamilika siku moja baada ya makubaliano, na DTCC ilieleza kwamba baada ya mabadiliko hayo mfuko wa dhamana wa NSCC ulipungua kwa takriban dola bilioni 3. Fedha hizo sasa hazilali tena kama dhamana ya madalali. Kwa upande mwingine, makosa ya hesabu yaliyokuwa na siku nzima ya kusahihishwa yana usiku mmoja, na dalali ambaye mitambo yake hulinganisha oda kwa mafungu ya jioni amelazimika kuijenga upya.

Schwab, kwa upande wake, ilikuwa na kazi yake ya kuhamisha akaunti za TD Ameritrade kwenda kwenye mfumo wake. Ununuzi ulikamilika Oktoba 2020, ilhali uhamishaji wenyewe uliendelea hadi Mei 2024, ukifanywa kwa mafungu mwishoni mwa wiki soko likiwa limefungwa, na fungu kubwa kuliko yote likisubiri mapumziko marefu ya Septemba 2023. Programu ya thinkorswim, iliyopendwa na wafanyabiashara wazoefu wa TD Ameritrade, iliachwa hai na kuunganishwa na mitambo ya Schwab, kwani kuizima kungewafukuza walewale walionunuliwa.

Kazi hiyo ilipokuwa ikiendelea, mahali pa kula pakatikiswa. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi kumi na sita. Fedha za wateja wa Schwab zilizolala benki zililipwa chini ya asilimia 1, ilhali mfuko wa soko la fedha uliokuwa kwenye tovuti hiyohiyo, hatua chache za kubonyeza kutoka pale, ulilipa takriban asilimia 5. Zamani mteja angelazimika kupiga simu, kujaza fomu na kusubiri, na uvivu wa kawaida wa binadamu ungeilinda faida ya dalali. Sasa alihama akiwa kitandani. Amana za benki ya Schwab, zilizokuwa takriban dola bilioni 367 mwishoni mwa 2022, zilifika takriban bilioni 290 mwishoni mwa 2023, sehemu kubwa ikihamia katika mifuko iliyo ndani ya kampuni ileile, nayo kampuni ikaziba pengo kwa kukopa kwa riba ya soko. Kwa miaka arobaini idara yake ya teknolojia ilikuwa imefanya kazi ya kumwondolea mteja kila kizuizi, na kizuizi cha mwisho kilichokuwa kimebaki ndicho kilichokuwa kikilipa mishahara.